Mpaka Mrina Asali Ashuke

Bartolomeo wa Kakomwa alikuwa na miguu mibaya kuliko yote upande wa Uruwira, na alijivunia. Nyayo zake zilikuwa pana na ngumu, visigino vimepasuka, vidole vimeachana kama watu waliokosana. Mkewe, Lucia, alikuwa akisema kwamba aliyeshona viatu vya madukani Mpanda hakuwahi kuona mguu wa namna ile, ndiyo maana hapakuwa na kiatu kilichomtosha. Jumapili mzee alikwenda kanisani viatu vikiwa mkononi, akavivaa mlangoni, akavivua baraka ya mwisho ikiwa bado hewani. Lakini mwonyeshe mti wa mtundu ulionyooka mpaka shingo ikuume kwa kuutazama, mwambie huko juu kuna mzinga, halafu kaa pembeni umwone. Miguu ile ile ilishika gome ikakwea, na aliyebaki chini ndiye aliyefumba macho kwa woga.

Alikuwa Mkonongo, na kurina asali alikurithi kwa baba yake pamoja na miiko yake. Mwiko mkubwa katika ukoo wao haukuwa wa porini, ulikuwa wa nyumbani. Mrina akiwa kambini na mwenge wake na kamba yake, moto wa jikoni kwake hauzimiki, wala hauazimwi. Jirani akija kuomba kijinga cha moto anaambiwa ajaribu nyumba nyingine. Na wa nyumba ile hagombani na mtu, si kwa neno, si kwa jicho. Wazee wao walisema ugomvi wa nyumbani humfikia mtu juu ya mti kabla haujamfikia jirani, na ukimfikia, mkono hulegea.

Mwiko ulifunguliwa kwa neno moja. Mrina akirudi, alisimama mlangoni kwake, nyayo zote mbili zikiwa chini, akasema, "Nimeshuka." Hapo mke yuko huru. Na Lucia aliutumia uhuru wake. Alimpokea mzigo, akampa maji ya kunawa, kisha akamfungulia maneno yote aliyoyaweka kifuani tangu mwezi uliopita, moja baada ya jingine, na Bartolomeo akayasikiliza huku akila ugali, ameridhika kabisa. Ndivyo alivyojua kwamba amefika nyumbani.

Doa lilianzia kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Lilikuwa jeusi, dogo kama punje ya mahindi, na Bartolomeo akasema ni mwiba uliokatikia ndani. Akauchokonoa kwa ncha ya kisu, mwiba hakuuona. Basi akafanya ambavyo mrina asali yeyote angefanya, akapaka asali. Usimcheke. Asali ilikuwa imemponya binti yake Specioza alipoungua uji wa moto, ilikuwa imemponya Ngusa, Msukuma jirani yake, alipochomwa pembe na fahali wake mwenyewe. Kwa Bartolomeo hapakuwa na kidonda duniani chenye ubishi wa kuishinda asali. Kila asubuhi akapaka, na kila wiki doa likawa limetanuka, likapata kingo, likaanza kutoa maji. Mwanzoni hakuogopa. Alichukia, kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe. Akabadilisha asali, akaleta ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo watu huificha kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza, doa likabaki na ubishi wake.

Aliyemkamata ni Specioza. Huyu alikuwa fundi wa kushona nguo Majengo, mjini Mpanda, na baba yake alifikia kwake kila alipopeleka asali sokoni. Siku hiyo alimwona anatembea kwa vidole, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani, akamnyanyua mguu bila kumwomba ruhusa. Alifunga cherehani yake, akampeleka hospitali, na mzee akaenda njia nzima akilalamika kwamba binti wa siku hizi hana adabu kwa mguu wa baba yake.

Daktari wa pale alikata kipande kidogo cha nyama kwenye lile doa, akakitia ndani ya chupa yenye dawa, akaeleza kwamba kitasafirishwa kwa treni mpaka Mwanza, ambako kuna watu wenye mashine ya kukitazama. Jambo hilo lilimshangaza Bartolomeo kuliko maumivu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Tabora. Kwa majuma yaliyofuata alimwambia kila aliyekutana naye kwamba nyama yake imemtangulia, iko Mwanza inatazama ziwa, na watu walicheka, naye alicheka. Alijua kabisa kwamba anacheka ili asisikie woga.

Jibu liliporudi, daktari alimwita pamoja na Specioza, akafunga mlango.

"Mzee, ni kansa," alisema. "Kama bado iko mguuni tu, inaweza kukatwa ukaishi. Kama imeshatembea ikaingia kifuani au kwenye ini, hawataugusa mguu, maana haitasaidia. Uende Mwanza wakakupime kwanza."

Wanadamu tuna mambo. Mtu aliyeingia chumba kile akiomba asikatwe hata ukucha alitoka akimwomba Mungu akatwe. Alirudi Kakomwa amelibeba ombi hilo peke yake, hakujua pa kuliweka, kwa maana hata Lucia angelielewaje?

Alilisema hadharani siku jumuiya yao ya Mtakatifu Yosefu ilipokuja kusali rozari nyumbani kwake, kumuaga kabla ya safari. Walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa nje kwenye mikeka. Katekista Amedeus aliongoza, mtu mwembamba mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Gaudensi, mdogo wake Lucia, alikaa karibu na mlango. Huyu Gaudensi mdomo wake haukuwahi kuwekewa mlango. Akigombana na mtu asubuhi, watu wa mtoni walikuwa na habari nzima kabla ya jua kuwa kali. Na mtu wake hasa wa kugombana naye alikuwa Ngusa, kwa sababu Ngusa alikuwa na ng'ombe wengi na Gaudensi alikuwa na shamba la mahindi njiani kwao. Ngusa naye alikuja usiku ule wa rozari, ingawa hakuwa mbatizwa. Alisimama nje ya wigo na fimbo yake, akamtuma mtu aingie amwambie mzee kwamba yeye Ngusa ana dada, Nyanzala, yuko Mwanza, ana nyumba, na mgonjwa na bintiye watafikia kwake. Gaudensi akasema kwa sauti, ili wigo usikie, kwamba heri ng'ombe wangekuwa na ukarimu wa mwenye nao.

Bartolomeo aliombwa aseme neno. Alisimama kwa mguu mmoja, akawaambia ukweli, kwamba anaogopa. Akasema amepanda miti tangu ndevu hazijaota na hakuogopa, kwa sababu alijua huko nyumbani Lucia anatunza moto na hagombani na mtu. Sasa anakwenda kupandishwa mti asioujua, wa watu asiowajua, na watakaochungulia mzinga ni wao, si yeye. "Niombeeni nisianguke," akasema, akakaa. Kisha akawa na aibu kwa kuwa amesema mengi, na kesho yake, katika haraka ya safari, akayasahau.

Safari ilikuwa treni na treni nyingine, Kaliua, Tabora, mpaka Mwanza, Specioza akimlindia nafasi ya kunyoosha mguu. Nyanzala aliwapokea kama ndugu zake wa tumbo moja, akawawekea maji ya kuoga, akaweka mezani maziwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na hakumuuliza mzee juu ya ugonjwa mpaka alipokwisha kula. Bartolomeo alitazama mawe ya Mwanza yaliyopandana juu ya vilima bila kuanguka, akauliza ni nani aliyeyapanga. Nyanzala akamjibu kwamba hakuna anayejua, lakini wao wanalala chini yake na wameacha kuogopa. Alilipenda jibu hilo.

Hospitali ilikuwa kubwa kuliko Kakomwa yote. Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpapasa tezi za kinena kwa muda mrefu, halafu akamgeuza, akaweka kidole kimoja mgongoni pake na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akisogea polepole kutoka juu kwenda chini, kichwa amekiinamisha. Bartolomeo akashtuka. Hiyo kazi aliijua.

"Unasikiliza kama kumejaa," akasema.

Daktari akasimama. Akamuuliza amejuaje. Mzee akamweleza kwamba ndivyo wanavyofanya juu ya mti, unagonga mzinga kabla ya kuwasumbua nyuki bure.

"Na sisi mzinga ukilia wazi," akasema, "ujue umepanda bure."

"Sisi kifua kikilia wazi," akasema yule mama, "tunamshukuru Mungu." Akagonga tena, mara hii kwa nguvu kidogo, ili naye asikie. "Chako kinalia wazi, baba. Lakini sikio langu halitoshi. Twende kwenye mashine."

Wakampiga eksirei. Wakamtoa damu, akaona damu yake inaingia kwenye vichupa na kupewa jina lake, akajihisi ameheshimiwa. Foleni zilikuwa ndefu, na kipimo kimoja kilizaa kingine, na siku walizodhani zitakuwa chache zikawa nyingi. Kila jioni Specioza alikwenda kwa masista waliokuwa na redio ya kuongea na misheni za mbali, akaomba habari zifike kwa Amedeus. Habari zenyewe zilikuwa zile zile kila mara, kwamba vipimo bado.

Mwisho wakamwingiza kwenye chumba chenye giza. Waliagiza asile kitu tangu jana yake, na njaa ilikuwa imempa wepesi kichwani. Kijana wa mashine alimpaka mafuta mazito ya baridi tumboni, akateleza juu yake na kitu kama sabuni ya mche, na pembeni kioo kidogo kikawaka. Mwanzoni Bartolomeo aliona ukungu. Kisha ukungu ukasogea. Kitu kikubwa kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, taratibu, na akagundua kwamba kinapanda anapovuta pumzi.

Akauliza kile ni nini. Kijana akamwambia ni ini. Akauliza ini la nani.

"La kwako, mzee. Unalotembea nalo."

Bartolomeo akazuia pumzi, ini likatulia. Akaachia, likaondoka. Kijana, ambaye nadhani alikuwa amechoka kwa kutazama matumbo ya watu wasiouliza kitu, aliona anafurahi, akapandisha mkono chini ya mbavu akamwonyesha kingine. Hiki hakikungoja pumzi. Kilifumba na kufumbua, kilifumba na kufumbua, na ndani yake vilango vidogo vilipiga kwa pamoja bila hata kimoja kuchelewa.

"Huo ni moyo."

"Umeanza lini kufanya hivyo?"

"Tangu ukiwa tumboni kwa mama yako."

"Haujapumzika?"

"Ukipumzika tutajua," kijana akasema.

Mzee alilala pale na mafuta tumboni, machozi yakamtiririkia masikioni. Hakulia kwa huzuni. Alikuwa mtu aliyetengeneza mizinga kwa magome kwa mikono yake, na hakuwahi kutengeneza hata mmoja uliomaliza misimu miwili bila kurekebishwa. Na kumbe wakati wote huo, akiwa amelala, akiwa amelewa pombe ya asali kwenye harusi za watu, akiwa anabishana na Lucia, akiwa juu ya mti amemsahau Mungu kabisa, kulikuwa na kazi hii ikifanyika gizani ndani yake, na hakuna aliyemwomba shukrani. Miaka yote alimtafuta Mungu juu, kwa kuwa juu ndiko alikopenda kwenda. Akafanya ishara ya msalaba, mafuta yakampaka paji la uso, na kijana akampa kitambaa.

Kisha woga ukarudi, tena mkali zaidi. Maana alikuwa ameona jinsi ndani kulivyo kuzuri, na alijua kijana anatafuta doa jeusi mle mle.

Daktari mwenye miwani ya uzi aliwaita yeye na Specioza siku vipimo vyote vilipokutana mezani. Hakuzunguka. Alisema kifua ni safi, ini ni safi, tezi za kinena ni laini, kansa haijatembea. Specioza akashika meza. Daktari akasema na upande wa pili: mguu hautabaki. Wataukata chini ya goti, na kitanda kitapatikana baada ya Pasaka. Kama anataka wafanye hivyo, aende nyumbani akaage, arudi bila kuchelewa.

Ombi lake lilikuwa limejibiwa, neno kwa neno. Alimshukuru daktari, akamshukuru Mungu, na alikuwa anamaanisha. Lakini ndani ya treni ya kurudi alikaa dirishani, na kila mti mrefu uliopita aliupanda kwa macho mpaka juu, akashuka, akaupanda unaofuata. Specioza aliona, akajifanya amelala.

Specioza alibaki Majengo kukusanya vitu vya safari ya pili. Amedeus alikuwa stesheni na baiskeli, akampakia mzee nyuma. Na tangu hapo mambo yakawa ya ajabu. Amedeus, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshauliza maswali mpaka pumzi zimwishe, alimwambia tu kwamba watazungumza nyumbani. Kijijini watu walitoka milangoni wakamsalimu kwa sauti za chini na adabu nyingi mno. Mama mmoja aliyejulikana kwa kumfokea mumewe hata wakati wa mahubiri alikuwa uani akimwambia, kwa upole wa kutisha, "Baba, naomba usogeze hilo jembe." Mbwa walibweka wao tu.

Bartolomeo akajua. Habari imefika imegeuzwa njiani, wameambiwa kansa imetembea, na sasa wanamzika kwa heshima akiwa bado yuko juu ya baiskeli. Alipofika uani kwake akaona kitu kilichomthibitishia. Gaudensi na Ngusa walikuwa wamekaa kwenye gogo moja. Hawakusemezana, lakini walikaa. Hayo hutokea msibani tu.

"Mimi sijafa," akasema kwa hasira, hata kabla ya salamu. "Nani amewaambia nimekufa?"

Wote walikuwa wanamtazama miguuni. Lucia alitokea mlangoni pa jikoni, amekonda kidogo, macho mekundu kwa moshi. Alimwangalia mumewe kuanzia kichwani mpaka chini, midomo ameibana.

"Si wewe uliyesema unapanda mti?" akamwambia. "Tunasubiri useme."

Ndipo alipoyakumbuka maneno yake ya usiku wa rozari. Aliyoyasema kwa woga, watu walikuwa wameyabeba kama maagizo.

Wakamsimulia, kila mmoja akichukua kipande chake. Siku mzee alipoondoka, Lucia alitia gogo jikoni akasema moto huu hauzimiki. Katika jumuiya mtu akauliza kwa nini mama huyu aubebe mwiko peke yake wakati Bartolomeo aliwaomba wote. Amedeus alikuna kichwa, kwa kuwa miiko ya porini haikumo katika mafundisho yake, lakini mwisho akasema hajawahi kusikia Mungu akimkasirikia mtu kwa kukaa bila kugombana, tena ni Kwaresima. Wakakubaliana, Kakomwa nzima, hakuna ugomvi mpaka Bartolomeo ashuke. Walidhani ni suala la wiki moja. Halafu redio ya misheni ikaleta habari kwamba vipimo bado, na wakangoja, na ikasema tena bado, na wakangoja. Mama mmoja alikuwa akienda mtoni peke yake kugombana na jiwe. Wanaume wawili waliokuwa na kesi ya mpaka wa shamba waliiahirisha kwa kupeana mikono, wakitazamana kama fisi na mfupa.

Ngusa alikuja kumuuliza Lucia kama asiyebatizwa anaruhusiwa kuingia katika jambo hilo. Alipoambiwa ndiyo, alileta kuni kwa mkokoteni wa ng'ombe, kuni za mti mgumu usioisha haraka, akaendelea kuleta. Na ilikuwa ni ng'ombe hao hao, asubuhi moja baada ya mvua, waliovunja wigo wakaingia kwenye mahindi ya Gaudensi yaliyokuwa yanabeba.

Kijiji kizima kilitoka kutazama. Ngusa alikuja mbio na fimbo yake, tayari kutukanwa na kutukana. Gaudensi alisimama katikati ya mabua yaliyolala, akafungua mdomo. Wote waliokuwepo waliapa kwamba waliliona lile neno la kwanza, lilikuwa limefika kwenye meno. Akaufunga. Akatoka shambani, akapita katikati ya watu, akaja mpaka jikoni kwa dada yake, akatia gogo motoni, akakaa mbele yake mpaka mchana. Ngusa, ambaye hakujua mtu anafanyaje na adui asiyesema, aliingia mwenyewe shambani, akainua mabua yaliyoweza kuinuliwa, akazungusha wigo mpya wa miiba.

"Mpaka leo sijasema," Gaudensi akasema kutoka kwenye gogo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mtungi kichwani kwa muda mrefu. "Hata kwa mke wangu."

Bartolomeo alitafuta kiti akakaa. Mwanzo aliona aibu kwa kuwadhania vibaya. Halafu akastaajabu. Alidhani ameshayaona maajabu yote kwenye kile chumba chenye giza. Aliuona moyo wake ukifanya kazi bila kuombwa, akadhani hakuna kinachoweza kuuzidi. Kumbe wakati ule ule, mbali huku, midomo yote hii ilikuwa imefungwa kwa ajili yake, na mdomo wa Gaudensi ukiwemo, na moto ulikuwa unawaka. Alitazama mafiga yaliyokuwa meupe kwa majivu, akamtazama Msukuma na Mkonongo kwenye gogo moja. Alimwogopa Mungu siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alikuwa na furaha.

Mwisho akawapa habari. Akasema kifua ni safi na ini ni safi, haijatembea. Lucia akajifunika uso kwa kanga. Wanawake wakapiga vigelegele, Amedeus akaanzisha wimbo akashindwa kuumaliza, na Ngusa akapiga fimbo yake chini mara nyingi, hajui afanye nini kingine.

Gaudensi ndiye aliyenyanyuka. Alifuta macho kwa kiganja, akasogea mbele, na kila mtu akaona anavyomtazama Ngusa kwa pembe ya jicho.

"Sasa, shemeji," akasema, "simama useme. Sema umeshuka, utufungue."

Bartolomeo akasimama. Alivua kiatu cha mpira alichovalishwa na Specioza kwa ajili ya safari, akaweka nyayo zote mbili kwenye udongo wa uani kwake, hata ule wa kulia wenye kidonda, akakanyaga mpaka maumivu yakapanda gotini. Alitaka kuuhisi udongo kwa miguu yote miwili. Midomo yote ilikuwa imeshafunguka kidogo, tayari.

"Wataukata," akasema. "Huu wa kulia, chini ya goti. Baada ya Pasaka."

Akamwangalia Lucia kwanza, kisha Ngusa, kisha shemeji yake.

"Sijashuka," akasema. "Bado niko juu."

Gaudensi aliutazama ule mguu mpana, mbaya, uliopanda miti yote ya upande ule. Akatazama kule liliko shamba lake. Halafu akaenda kwenye rundo la kuni za Ngusa, akachagua gogo zuri, akaingia nalo jikoni, akalisukuma katikati ya mafiga na kulipuliza mpaka likashika.

"Haya," akasema, bila kugeuka. "Shika vizuri."